Mashimo Manne ya Injinia

Mimi ni karani wa stoo. Kazi yangu ni kuhesabu misumari na kuwagombeza watu wanaochukua nyundo bila kutia sahihi. Lakini nyumbani shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ananiita Injinia, na imenichukua miaka kugundua kwamba ananitania. Muda wote huo nilikuwa naitika.

Fundi bomba wa kweli ni yeye. Bomba linalotoka kwenye mita pale getini, likapita chini ya ua mpaka jikoni, alilifukia yeye mwaka jana, na ilikuwa kazi yake ya kwanza bila bosi juu yake. Basi maji yalipopungua nguvu jikoni, mke wangu akafunga koki zote, na sindano ya mita ikaendelea kuzunguka tu, mimi sikuhitaji uchunguzi.

"Viungio vya mdogo wako vimeachia," nikasema. "Gundi aliibania."

"Umeviona?"

"Niviangalie ya nini?"

Laiti ningeishia hapo. Lakini mdomo wangu hauna koki. Nilimwambia kinyozi. Nikamwambia jirani wa kulia, na wa kushoto pia, ili asijisikie vibaya. Kisha mwalimu mkuu wa shule ya mtaa wa pili, aliyekuwa anatafuta fundi wa kufikisha maji kwenye vyoo vya wanafunzi, akaniuliza kwa heshima zote, "Shemeji yako ameniomba kazi. Anafaa?" Nikavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeonewa. "Mwalimu, kwangu hata mwaka haujaisha, na ardhi inakunywa maji kuliko sisi wenyewe."

Akasema atapita Jumamosi ajionee, kabla hajampa kazi mtu mwingine. Shemeji alikuwa na mtoto wa wiki tatu, na ile ndiyo kazi pekee aliyokuwa akiitegemea. Hayo yote niliyajua wakati nafungua mdomo.

Jumamosi nikaamka mapema, nikashika sululu. Mke wangu alitaka tumwite ndugu yake. Nikamwambia mtuhumiwa hajichunguzi mwenyewe, sentensi niliyoipenda sana wakati ule. Shimo la kwanza nilichimba palipokuwa na unyevu, na chini yake hapakuwa na bomba wala dalili ya bomba. La pili nikakuta bomba, nikashangilia, kumbe la maji machafu. La tatu nilikuta mwamba, na mgongo wangu ukaniambia basi. Mke wangu alikuwa ameketi barazani na chai yake.

"Injinia, unatafuta bomba au unapanda migomba?"

Na simu alikuwa ameshapiga. Shemeji akaingia na begi la vifaa, akanisalimia vizuri, akayatazama mashimo yangu matatu bila kucheka, jambo lililoniuma zaidi. Akaomba nondo. Akawa anaichomeka kidogo ardhini, anaweka sikio juu yake, anasikiliza, anasogea hatua moja, anachomeka tena. Alipofika kwenye nguzo ya chuma ya kamba ya kuanikia nguo, akasimama.

"Hii nguzo uliisimamisha lini?"

"Miezi miwili hivi."

"Na maji yalianza kupungua lini?"

Nikayatazama mawingu. Ukweli ni kwamba siku ile ninaipigilia, nguzo iligonga kitu kigumu. Nikadhani ni jiwe. Nikalitukana, nikaongeza nguvu ya nyundo mpaka likakubali, kisha nikamwita mke wangu aje aone kazi ya mwanaume.

Tukachimba. Yaani, yeye alichimba, mimi nikasogeza udongo. Akafunga valvu kwenye mita, akachota maji shimoni kwa kopo, na tukaiona: ncha ya nguzo yangu imeingia ubavuni mwa bomba. Shibiri moja pembeni palikuwa na kiungio chake. Akakifuta kwa kitambaa. Hakikuwa na ufa, wala hakikutingishika.

Akaniinamia, akashusha sauti ili dada yake asisikie. "Ing'oe. Akifika mwalimu mkuu ataona tundu tu, hatajua ni nguzo yako."

"Unajua kama anakuja?"

"Najua na ulichomwambia. Kinyozi alisikia kwa mwalimu, akanisimulia."

"Na hukuja kunigombeza?"

"Tukigombana mimi na wewe, dada yangu akae upande wa nani?"

Watu wakiona aibu husema wanatamani ardhi iwameze. Mimi nilikuwa ndani yake tayari, mpaka mapajani, na haikunisaidia kitu.

Geti likalia. Mwalimu mkuu akaja akasimama juu yetu, mikono nyuma. "Kwa hiyo, fundi, kiungio kimeachia?"

Shemeji akakikunja kitambaa chake. Mimi nilikuwa nimeishika nguzo kwa mikono miwili. Nikavuta. Ikagoma. Nikavuta tena, ikaanza kuachia, na hapo nikamwona shemeji ameinamisha uso kama yeye ndiye mkosaji. Nikaiachia.

"Mwalimu, kiungio ni kizima," nikasema. "Aliyetoboa bomba ni mimi, kwa nguzo hii. Nilikudanganya kuhusu huyu kijana, na sikuwa nimechungulia hata mara moja."

Mwalimu mkuu akachuchumaa, akatazama vizuri. Akabaki mpaka mwisho. Shemeji akang'oa nguzo, akakata kipande kilichotoboka, akasugua ncha kwa msasa, akapaka gundi, akaunga kipande kipya kwa viungio viwili vipya. Akatukataza kufungua maji mpaka gundi ishike. Maji yalipofunguliwa, tukaenda wote wanne kwenye mita. Sindano ilikuwa imesimama kabisa.

"Jumatatu njoo shuleni na vifaa," mwalimu mkuu akamwambia. Kisha akanigeukia. "Wewe usije."

Shemeji akacheka mpaka akakaa chini. Mke wangu hakucheka.

"Ulimwambia nani mwingine?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Nilipohamia mkono wa pili, akaingia ndani, akatoka na viatu vyangu, akaviweka mbele yangu.

"Nioge kwanza," nikasema.

"Nenda hivyo hivyo."

Kwa kinyozi palikuwa na wateja wanne. Nikasimama mlangoni, tope mpaka kiunoni. "Lile bomba langu," nikaanza, na kinyozi akazima mashine ili kila mtu asikie.