Soli Isiyoshonwa

Fundi viatu alikuwa amechoka, na si kwa kazi. Alichoshwa na mwanawe wa miaka kumi na saba, ambaye tangu aingiwe na wazimu wa kupanda milima na baba akamkataza, hakuzungumza naye ila kupitia kwa mama. "Mama, mwambie baba nitachelewa." Na baba yuko palepale, anakunywa chai! Jamani, nyumba ya vyumba viwili, salamu mpaka zipitie kwa tarishi.

Siku hiyo kijana akaja mwenyewe kibandani, buti mkononi. Soli ilikuwa imeachia.

"Shikamoo baba. Keshokutwa tunapanda ule mlima mkubwa, mpaka kileleni. Naomba unitengenezee."

"Marahaba. Weka hapo."

Moyo wa mzee uliruka kwa furaha, halafu ukaingiwa na baridi. Mwaka jana mlima huohuo ulirudisha watu wawili kwenye machela. Akapaka gundi, akabana, akasubiri ishike. Kisha akachukua sindano, na hapo mkono ukagoma. Soli yake hushonwa pembeni pande zote, kila mteja anajua. Hii akaiacha na gundi tupu. Itaachia siku ya kwanza, kwenye changarawe za chini, alijisemea, na mtoto atarudi nyumbani na hasira zake. Hasira alishazizoea. Akapaka rangi nyeusi ukingoni, isijulikane.

Siku ya kwanza ikapita bila mtu kurudi. Ya pili nayo ikapita. Loo! Gundi ilishika kuliko alivyodhani, na sasa kama ni kuachia, itaachia huko juu kwenye barafu. Mteja mmoja alimletea kiatu cha kushoto, akatengeneza, akasahau alichotengeneza.

Siku ya tano mchana kijana akaingia akichechemea, vidole vya mguu vimefungwa bendeji, buti limezungushiwa kamba.

"Iliachia karibu na kilele," alisema. "Niliteleza, wenzangu wakanidaka. Wakasema fundi wangu kanjanja. Nikawaambia wakome, baba yangu halipui kazi. Nikasema ni mimi niliyelianika buti karibu mno na moto."

Mzee alimtazama. Tangu lini mtoto huyu akamtetea? Angeweza kunyamaza, akaila hiyo heshima kimyakimya. Lakini alikuwa amechoka mno, hata uongo ulimshinda.

"Si moto. Sikushona, mwanangu. Makusudi. Nilitaka urudi."

Kijana hakupaza sauti. Afadhali angepiga kelele. Alikaa, akapapasa ukingo wa soli kwa kidole, akitafuta tundu la sindano hata moja.

"Kunikataza, sawa," alisema mwishowe. "Kunigombeza, sawa. Lakini buti, baba?"

Kijana akainuka na buti lake, akavuka barabara akichechemea, akamuuliza muuza magazeti ni wapi hapa mtaani anaweza kumpata fundi viatu.