Uzi wa Mwisho

Mama yangu ana mkasi shingoni, na bado uzi anaukata kwa meno. Miaka nenda miaka rudi ameushonea mtaa mzima hivyo, hadi meno mawili ya mbele yakalika na kupasuka, akaanza kucheka huku amejiziba kwa kiganja.

Daktari wa meno alituambia mizizi bado mizima. Angeweza kuyajenga upya, mradi mama asikate uzi nayo tena. La sivyo, ayang'oe amwekee ya bandia. Mama akasema ang'oe tu. Nilipandwa na mori. Mtu ana meno yake, anataka ya kubandika?

"Si ndiyo magumu hayo?" akamwambia daktari. "Nitakatia uzi bila wasiwasi."

Daktari alijikaza asicheke. Akamweleza kwa upole kwamba uzi ungeyavuta, yakatoka pamoja na nguo. Mama akanywea. Nikamuuliza mkasi umemkosea nini.

"Mkasi unalia kutwa nikikata vitambaa," akasema. "Baba yako atajuaje mlio upi ni wa mwisho?"

Hasira zote zikaniisha. Baba yangu haoni. Hukaa kando ya cherehani, na akisikia meno yamekata uzi, ka!, hunyoosha mikono apokee nguo aikunje. Hakuna anayekunja kama yeye. Mama hakutaka kufika mahali pa kumwambia mumewe "haya, pokea," kama mtoto.

Kwa kuwa ya bandia nayo yasingemfaa, alikubali yake yajengwe. Yakajengwa siku hiyohiyo.

Kesho yake alimaliza gauni, cherehani ikanyamaza. Akashika mkasi, akaukodolea macho. Nilitamani kumsaidia, sikujua vipi. Baba alikuwa ameshanyoosha mikono.

"Leta na uzi wake," akasema. "Mimi yangu bado yapo yote."

Mama akampelekea gauni hadi mdomoni. Ka! Baba akatema kipande cha uzi, akaanza kutafuta mikono ya gauni aikutanishe.

"Na uache kuchekea kiganjani," akaongeza. "Nakusikia siku zote hizi, sauti inatoka kama umefungiwa kabatini."

Mama akacheka, mikono yote miwili iko mapajani. Baba akatulia na gauni lake, akamsikiliza hadi alipomaliza, ndipo akaendelea kukunja.