Sikio la Mpiga Kasia

Mtumbwi ulikuwa umeshajaa. Jenereta ilikaa katikati, imefungwa kwa kitenge cha harusi yangu, televisheni na deki juu ya gunia la mihogo, na mwanangu Divine mgongoni akilia kwa njaa. Bunduki zilisikika upande wa Mutambala. Watu wa mji wa Baraka walikuwa wanashuka ziwani kwa njia zote, kama maji ya mvua yanavyoshuka. Nilikuwa nimeshamwambia mwenye mtumbwi asukume. Hapo Alphonse akaruka, maji yakamfika magotini, akaanza kurudi mjini.

"Unaenda wapi?" nikamwuliza.

"Kaseti."

"Kaseti haziliwi."

"Na grupe inaliwa?" akajibu bila kugeuka; jenereta yangu aliiita grupe.

Alikuwa muuza sabuni wa sokoni, kichwani kofia ya majani aliyoitoa Lubondja kwa wajomba zake. Sikuwa mke wake wala dada yake, nisingeweza kumshika shati. Nikamwambia mwenye mtumbwi angoje kidogo. Akanitazama kama mtu asiye na akili. Nikamwambia mafuta ya injini yake ni yangu, na asiponingoja atapiga kasia mpaka Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Akangoja.

Lazima nieleze kaseti zenyewe.

Nilisoma chuo cha ualimu Bukavu nikapata diploma, nikafundisha mpaka shule yetu ilipobaki na kuta tu. Vita ilipoanza nilikuwa na mtoto tumboni, mume aliyekwenda upande wa Kalemie asirudi, na jenereta aliyoiacha. Diploma haichemshi maji. Nikasimamisha kuta za matete nyuma ya nyumba, nikatandika mikeka, nikafungua nyumba ya video. Tulionyesha mchana, baada ya soko. Jua lilipozama kila mtu alikuwa kwake na mlango umefungwa, kwa sababu kila mtu alizijua sababu.

Nilidhani watu watakuja kuangalia ngumi na kuondoka. Wengi walifanya hivyo. Lakini walikuwapo wachache waliofika kabla jenereta haijawashwa, wakabaki baada ya kuzimwa, na hao ndio ninaowaandikia. Barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa, filamu mpya hazikuja. Kilichotufikia kilivuka ziwa kutoka Kigoma ndani ya marobota ya nguo: filamu za zamani ambazo watu wa mijini walikuwa wamechoka nazo, nyingine hazina mwanzo, nyingine hazina jina. Hawa wachache walizipokea kama wageni wa heshima. Filamu isiyo na jina waliipa jina. Waligombana juu ya farasi aliyebadilika rangi kati ya mlango na uwanja. Walijua mwigizaji fulani alikufa katika filamu ngapi, na katika ipi alikufa vizuri.

Zaidi ya yote waligombana juu ya kopi. Kaseti iliyotoka kiwandani waliiita kopi mama. Iliyonakiliwa kutoka kwake ni mtoto, kisha mjukuu, na kila kizazi picha ilizidi kufifia na chenga kuongezeka. Alphonse ndiye aliyekuwa hakimu. Alikaa mbele kabisa, akatazama kidogo tu, akatoa hukumu.

"Hii ni kitukuu."

"Kwa bei niliyolipa?" nilimwuliza siku moja, kaseti bado ya moto.

"Bei ni ya kopi mama, mama. Picha ni ya kitukuu. Bamekuibia."

Hakuwahi kupunguza neno ili nifurahi. Nilimheshimu kwa hilo. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyo.

Filamu aliyoipenda kuliko zote tuliiita Mkata Miti. Ilikuwa ya mtu wa nchi za mbali mwenye shoka moja na hasira nyingi. Yetu ilikuwa kopi mama, pekee katika Baraka nzima, na Alphonse aliifuta vumbi kama mtu anavyofuta uso wa mwanawe. Filamu aliyoidharau tuliiita Kengele. Ilikuwa ya mapadri, ya wakati wa Wabelgiji, isiyo na rangi: wanakijiji wanavusha kengele ya kanisa kwa mtumbwi, dhoruba inawapiga, kengele inafika. Basi. Kaseti yetu ilitoka katika parokia moja, imenakiliwa mara nyingi mno.

"Ng'ombe anavuka barabara," Alphonse alisema. "Tena mgonjwa."

Lakini maji yalikuwa ya kwetu. Milima ya nyuma tuliijua. Kwa hiyo watu waliitaka, na mimi niliionyesha.

Pulchérie aliingia kwangu kuleta mawese, mwaka ule ulioanza na habari za mauaji ya Makobola. Alikuwa ametoka kule kwa miguu, yeye na nguo alizovaa, akapokewa na shangazi yake mtaani kwetu. Alikuwa hasemi. Alitua kidumu mlangoni, Kengele ikiwa kwenye sehemu ya dhoruba. Mpiga kasia wa mbele, kijana asiye na shati, anageuka kutazama kengele, kisha anageukia mawimbi tena. Ni muda wa kumeza mate.

"Baba," Pulchérie akasema.

Hakupaza sauti. Lakini ukumbi wote ulisikia.

Tulipozima jenereta alieleza, na yalikuwa maneno yake mengi ya kwanza tangu afike. Baba yake, mzee Isidore, aliwahi kuwasimulia kwamba ujanani alipiga kasia kwa wazungu wenye mashine ya picha. Watoto walimcheka. Sasa mzee hayupo, nyumba imeungua, na hakuna picha yake hata moja duniani.

Roger, mvuvi wa dagaa ambaye hakujua kunyamaza, ndiye aliyeuliza swali la wapenzi wa filamu.

"Alikuwa na alama?"

"Sikio la kuume. Ndoana iliipasuaka akiwa mutoto. Ilibakia mbili, kama ulimi wa nyoka."

Tukawasha tena. Mafuta yalikuwa haba, lakini tukawasha. Mpiga kasia akageuka, na pale pale, juu ya sikio la kuume, chenga zikapita kama mchanga uliorushwa. Wote wakamgeukia Alphonse.

"Ni kitukuu," akasema, na safari hii kwa upole. "Sikio liko chini ya chenga. Kwa kopi mama litaonekana."

Pulchérie akaanza kuja kila nilipoionyesha. Siku moja akanishika mkono uliokuwa juu ya deki.

"Simamisha pale, mama. Kidogo tu."

"Hapana. Ukiisimamisha, kichwa cha deki kinaisugua palepale. Leo utamuona vizuri, kesho utaona mstari."

"Leo inanitosha."

"Leo inakutosha weye. Utazaa. Batoto bako batamuona wapi?"

Alinitazama kwa chuki kidogo. Nilimwacha anichukie, kanda ni kanda. Kisha akautoa mkono. "Acha ipite," akasema.

Ilipopita, Alphonse alivua kofia yake. Hakutazama nyuma kuona nani anamwona. Roger akavua yake, na wengine wote, kama wanavyofanya wanaume maiti inapopitishwa njiani. Tangu hapo ikawa desturi ya ukumbi wangu. Mgeni aliyeingia hakuelewa kwa nini, katikati ya filamu ya kengele, wanaume walivua kofia kwa muda wa kumeza mate na kuzivaa tena. Hatukumweleza.

Sasa nirudi kwenye mtumbwi.

Alphonse alitokea kati ya nyumba akikimbia ameinama, mkono mmoja umebana shati tumboni. Kofia ya Lubondja ilikuwa imeanguka njiani. Aliingia majini, Roger akamvuta kwa kwapa, tukasukuma. Tulipokuwa mbali na risasi alifungua shati. Ilikuwa kaseti moja.

Sote tulijua itakuwa Mkata Miti. Roger alishaanza kumtania, "Bwana ameokoa bibi yake," kisha akaisoma karatasi iliyobandikwa. Ilikuwa Kengele.

"Na ile ingine?" nikamwuliza.

"Sanduku lilikuwa zito. Nilisikia banavunja mulango ya jirani." Alikuwa anahema. "Filimu ya ovyo kabisa," akaongeza, akampa Pulchérie kaseti aishike.

Nyuma yetu moshi ulianza kupanda. Matete huungua upesi. Kopi mama ya Mkata Miti iliungua na ukumbi, na sijawahi kusikia kwamba ipo nyingine upande huu wa ziwa. Alphonse alitazama moshi mpaka ulipoungana na mawingu. Nimewaona watu wenye elimu na cheo wakikimbia vita hii, nimeona walichobeba. Sijaona mtu aliyebeba vizuri kuliko yule.

Ubwari tulikaa muda mrefu. Unyevu wa ziwa huotesha ukungu kwenye kanda, kwa hiyo niliiweka Kengele ndani ya kopo la maziwa ya unga pamoja na makaa makavu, nikaziba kwa nta. Makaa nilibadilisha kila mvua zilipokwisha. Hakuna aliyeitazama. Jenereta iliendesha kinu cha kusaga mihogo ya watu, ndivyo tulivyokula.

Amani ilipotangazwa tulirudi. Sikusimamisha ukumbi tena, nilirudi darasani. Lakini wale wachache walikuja kwangu Jumapili baada ya ibada, na waligombana kama zamani. Ndipo Bisogo alipotuma salamu kutoka Bujumbura. Bisogo ni mtu wa milimani, wa ng'ombe, aliyekuwa anashuka kuuza siagi na kuketi nasi kwenye mkeka mpaka vita ilipofanya watu wa milimani na watu wa ziwani wasiketi pamoja. Alikimbia kabla yetu. Habari za sikio zilimfikia, sijui kwa mdomo wa nani. Alisema mapadri wa kule Ulaya wamezitoa filamu zao za zamani kwenye DVD, zimesafishwa kutoka kwenye kanda kubwa za mwanzo kabisa, na Kengele imo. Akaituma kwa mkono wa dereva.

"Hii si kopi mama," Alphonse alisema akiigeuza diski kwa ncha za vidole. "Hii ni bibi ya kopi mama."

Pulchérie alikuja na binti yake, Adolphine, aliyekuwa ameanza shule. Mtoto alikuwa ameahidiwa sikio la babu kwa muda mrefu. Alikaa mbele, karibu na Alphonse, magoti kidevuni.

Picha ikatokea. Hatukujua kwamba ziwa katika filamu ile lilikuwa na nuru. Hatukujua kwamba kengele ilikuwa na maandishi, wala kwamba mwanamke wa ufukweni alikuwa anacheka. Roger alinong'ona kwamba anaona nyavu, nyavu za aina ya babu yake. Tulikuwa tumeipenda filamu hii miaka yote tukiwa vipofu. Alphonse aliinama mbele, na nikaona anaona aibu kwa kuiita ng'ombe.

Dhoruba ikaja. Kofia zikashuka. Mpiga kasia akageuka.

Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, kila tone lilionekana. Sikio la kuume lilikuwa pale, jeusi, linang'aa, limekamilika.

Akageukia mawimbi tena. Filamu ikaendelea, hakuna aliyeitazama.

"Mama," Adolphine akasema, "sikio iko nzima."

Roger alishika kofia yake bila kuivaa. Pulchérie alikuwa ameweka mikono mapajani, viganja juu, kama mtu aliyepokonywa kitu na bado hajaifunga mikono.

Alphonse akainuka. Akazima, akatoa diski, akaisogeza dirishani, akaikagua upande huu na upande ule. Alichukua muda wake, kama sokoni.

"Hii kopi iko mubaya," akasema.

Hakuna aliyecheka.

"Bamesafisha sana," akaendelea. "Bamefuta chenga, bamefuta mikwaruzo, na bitu bya mutu bamefuta pamoja. Mashine inajua nini? Inaona sikio imepasuka, inafikiri ni mukwaruzo. Inaziba."

"Ni kweli," Roger akasema haraka. "Hata ile mwanamuke wa ufukweni, hakuwa anacheka."

"Hakuwa anacheka kabisa," mwingine akasema.

Wakageuka kwangu. Mimi ndiye mwenye diploma. "Mashine hufanya hivyo," nikasema.

Pulchérie alimtazama Alphonse kwa muda mrefu. Hakuwa analia.

"Kaka Alphonse," akasema, "tangu nikujue, haujadanganyaka mutu juu ya kopi."

Alphonse alikuwa anaifuta diski kwa shati, ingawa haikuwa na vumbi.

"Hapana," akasema.

"Hata mama Divine, na pesa yake."

"Hata yeye."

Pulchérie akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea pole. Kisha akanigeukia. "Mama, weka ile yetu."

Deki ilikuwa chini ya kitanda. Nilibandua nta, nikakung'uta makaa, nikaipuliza kanda kwenye mwanga. Haikuwa na ukungu. Nikaiweka, nikaipeleka mbele mpaka karibu na dhoruba, nikaondoa mkono.

Ziwa likawa la kijivu tena. Kengele ikapoteza maandishi yake. Chenga zikaanza kushuka kutoka pembe ile ile zinakoanzia siku zote, na wanaume wakashika kofia zao.

Pulchérie alimvuta binti yake akamketisha mapajani, akamwinamia sikioni.

"Ona," akasema, "ona vile anageuka."