Picha ya Kwanza ya Taji la Jua

Moïse ndiye aliyeliona tangazo kwanza. Lilibandikwa kwenye mlango wa maabara ya chuo kikuu: nafasi moja ya masomo huko Liège, Ubelgiji, kwa mtu wa fizikia atakayejiunga na kundi linalotengeneza vifaa vya chombo cha angani cha kuchunguza jua. Akamwambia mkewe Benite, ambaye alisoma naye darasa moja. "Tuombe wote wawili. Atakayepata, amepata." Alisema kwa moyo mweupe, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba atapata yeye.

Alipata Benite.

Miaka ikapita. Moïse akabaki Bujumbura, akifundisha fizikia katika lise, shule ya sekondari, moja ya mtaa wa Rohero na kurudi jioni kwenye nyumba yao ya Gasenyi. Benite akawa mtu wa kuja likizo na kuondoka. Chombo cha kundi lake kilibeba vifaa vitatu. Kimoja kilipima usumaku, kingine kilinasa upepo wa jua. Cha tatu, ambacho Benite alikuwa mmoja wa waliokitengeneza, kilikuwa na kisahani cheusi cha kufunika uso wa jua, ili lionekane taji lake, ule mwanga hafifu ambao sisi wa chini huuona jua linapopatwa tu. Majirani walisikia habari hizo wakasema "Mungu ni mkubwa," wakaendelea na kazi zao. Moïse hakuweza. Yeye alikielewa kile kifaa, na kwa hiyo kilimuuma. Asiyejua utamu wa chakula hasumbuliwi na harufu yake.

Chombo kikarushwa. Siku ya kufungua kifuniko cha kile kifaa ikaangukia Benite akiwa nyumbani kwa likizo. Wenzake wakaahidi kumuunganisha kwa video, aone nao picha ya kwanza. Lakini umeme wa Gasenyi huja kama mgeni asiyetaka kukaa, na kompyuta yake ilikuwa haitunzi tena chaji.

"Cheri," alimbembeleza mumewe asubuhi, "unipelekee ile batri kwa Huseni aichaji. Umeme ikienda saa ya picha, mi nitalia kama mutoto."

Moïse akaifunga betri ya gari kwenye baiskeli, akaipeleka Buyenzi. Huseni, fundi wa betri, alimpokea kwa furaha, akaunganisha nyaya, kisha akawageukia wateja waliokaa kwenye benchi.

"Munamujua huyu? Ni bwana ya yule mama ya jua! Nilimusikia kwa redio. Wallahi, anaongea utasema jua iko kwa mufuko yake."

Wote wakamtazama Moïse. Mmoja akauliza, "Na we, unafanya kazi gani?"

"Nafundisha."

"Ah," yule mtu akasema kwa upole. "Ni vizuri pia."

Ile "pia" ikamwingia Moïse kama mwiba chini ya ukucha. Akasimama. "Huseni, toa nyaya. Naondoka."

"Prof, bado kabisa! Haijapokea kitu."

"Toa tu."

Akarudi nayo Gasenyi karibu tupu kama ilivyokwenda, akaiweka chini ya meza. Benite akamshukuru, akamletea chai. Akainywa.

Alasiri umeme ukakatika. Benite hakushtuka. Akaunganisha kompyuta kwenye betri, nyuso za wenzake zikatokea, mmoja akampungia mkono, kisha kioo kikawa cheusi. Akajaribu tena. Akagusa nyaya, akainama juu ya betri, akanyanyua macho.

"Moïse, hii haikuchajiwa."

"Hata kwa Huseni umeme ilikuwa mubaya," alisema.

Benite hakupoteza muda kubishana. Akachukua simu yake iliyokaribia kuzima, akakimbia bila viatu hadi kwa jirani yao Consolée, ambaye alikuwa na paneli ya sola juu ya bati na aliwachajia watu simu. "Mama Consolée, nisaidie!" Consolée akachomoa simu za wateja wawili bila kuwauliza, akamwekea yake, na Benite akarudi kwenye video. Watu wakasogea.

Moïse alimfuata taratibu, akasimama nyuma ya wote. Yeye aliyekuwa akiimba kwaya kila Jumapili akajikuta anaomba kimoyomoyo kifuniko kikwame. Kikwame tu. Kisitoe kitu.

Kikafunguka. Kwenye simu likatokea duara jeusi, na kulizunguka, nyuzi za mwanga mweupe zilizotawanyika kama nywele ndani ya maji. Liège wakapiga kelele. Benite akafunika mdomo kwa mikono miwili. Moïse akanyoosha shingo ili aone vizuri. Ilikuwa nzuri. Nzuri kuliko alivyowahi kuifikiria, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Ni jua hiyo?" Consolée akauliza. "Mbona nyeusi?"

Benite akaanza kueleza, akashindwa, akacheka huku analia.

Saa ya chakula cha jioni simu ya Moïse ikaita. Spika yake ya sikioni ilikuwa imekufa, hivyo sauti ya Huseni ikajaa chumba kizima. "Prof, nawaza ile batri. Kwa nini uliiondoa mbio vile? Umeme ilikuwa nzuri siku muzima! Ulete kesho, nitaichaji bure, kwa heshima ya mama."

Moïse akakata simu. Benite aliweka kijiko chini.

"Ulitaka nisione?"

"Nilitaka ishindwe," Moïse akasema. "Hiyo kitu yenu. Nilitaka ishindwe kabisa."

"Yenu?"

"Ile tangazo niliona mi, Benite. Mi ndiye niliona."

Benite akasukuma sahani yake kando. "Najua. Kila siku kule najua. Lakini sikukuibia." Akainuka, akatoa vyombo. Wiki nzima walizungumza mambo ya maji na mkaa tu, na usiku kila mmoja alielekea ukuta wake.

Kabla Benite hajarudi Liège, mkuu wa lise alimwomba azungumze na wanafunzi. Moïse angeweza kumwachia mwingine kazi ya kumtambulisha. Akasimama mwenyewe mbele ya darasa lake.

"Huyu ni Dokta Benite, mke wangu," alisema. "Tuliomba nafasi moja, mimi na yeye. Mimi nilikataliwa. Bado naona wivu. Msikilizeni vizuri."

Wanafunzi wakacheka, wakidhani mwalimu anatania. Benite hakucheka. Alimpisha apite kwenda kukaa, na alipokuwa anapita akamshika mkono kidogo, akauachia, kisha akachukua chaki.