Kikojozi wa Nyumba Ile

Shangazi alifunika cherehani yake mapema, akamfuata kaka yake na mtoto hospitalini bila kualikwa. Majirani walikuwa wamemnong'oneza kwamba kaka yake ameapa: Jumatatu binti yake wa miaka tisa atabeba godoro kichwani hadi shuleni, wenzake wamwone kikojozi. Wifi ndiye aliyelia na kubembeleza mpaka mumewe akakubali mtoto apimwe kwanza.

Aliwakuta maabara, kwenye benchi chini ya kalenda ya mwaka jana. Mpimaji, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa akipanga vichupa.

"Kuna homoni inayoziambia figo zipunguze mkojo tukilala," alieleza. "Kwa watoto wengine homoni hiyo huwa kidogo usiku. Tunalinganisha damu ya wanaokojoa kitandani na ya wasiokojoa. Mtoto hafanyi kusudi, mzee."

"Homoni!" Kaka alicheka kwa dharau. "Huu ni uvivu mtupu. Homoni yake ni fimbo."

Mtoto alinyoosha mkono. Sindano ikaingia, hakukunja hata uso. Shangazi alisikia damu ikimchemka. Mtoto wa miaka tisa asiyeshtushwa na sindano, amezoeshwa maumivu gani huko nyumbani?

Mpimaji akavuta fomu. "Katika familia, nani mwingine alikojoa kitandani utotoni? Mara nyingi hurithiwa."

"Hakuna," alisema kaka. Kisha akamnyooshea dada yake kidole, akitabasamu bila haya. "Labda huyu. Nyumba nzima ilimwita Kikojozi."

Loo! Mwanamume mzima, ndevu zimeanza mvi, bado anadanganya! Walilalia godoro moja miaka mingi. Kila alfajiri kaka ndiye aliyeamka kwanza, akamsukumia mdogo wake, aliyelala fofofo, upande uliolowa, akahamia pakavu, ndipo akamwita mama. Shangazi alichapwa mpaka naye akaamini kosa ni lake. Alikuja kujua ukweli alipopelekwa kwa bibi likizo nzima, akaamka mkavu kila siku.

"Kaka," alisema, sauti ikitetemeka kwa hasira, "nilipokuwa kwa bibi, godoro la nyumbani lililoweshwa na nani? Na paka?"

Kaka aliacha kutabasamu. Uso ulimshuka.

Mtoto alikuwa amebana pamba mkononi. Akainua macho, akamtazama baba yake kama anayemwona mara ya kwanza.

"Baba, kumbe na wewe? Ulipigwa sana?"

"Hakupigwa, mwanangu," alisema shangazi. "Nilipigwa mimi."

 Shangazi akamsogelea kaka yake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Godoro hilo likitoka, utalibeba wewe, na mimi nitakuwa nyuma yako nikiwaambia watu sababu."

Mpimaji bado alikuwa ameshika kalamu. "Niandike nani?" aliuliza.

Kaka aliitazama ile pamba.

"Andika baba," alisema.