Ukuta wa Upande wa Mwanasha

Wanaosema ukuta ule uliangushwa na mvua, waache wanionee haya. Mimi ndiye niliyekuwa fundi. Ukuta wa matumbawe huanguka ardhi ikiondolewa chini yake, na ardhi ile iliondolewa kwa majembe, mchana kweupe, na watu wazima wenye akili zao.

Ilikuwa Munje, mwezi wa Mei mwaka wa sitini na tatu, zimebaki wiki mbili tu tupate Madaraka. Rafiki yangu Boga alikuwa amefariki siku chache baada ya Idi, na mkewe Mwanasha alikuwa ndani akikaa eda yake. Nduguye Boga, Kibwana, alikuwa mwenyekiti wa chama pale kijijini, na sherehe ile aliichukua kama harusi yake mwenyewe. Akataka nyumba ya marehemu iongezwe ukumbi wa kupokelea wageni, uunganishwe na ukuta wa mashariki. Ukuta huo ndio uliokuwa wa chumba cha Mwanasha.

Nilimwambia angoje masika yaishe. Akacheka.

“Chande, Mwingereza mwenyewe hangoji masika yaishe ndipo aondoke.”

Watu wakacheka naye, na mimi, mjinga, nikacheka pia.

Sasa, kuunganisha msingi mpya na wa zamani kuna adabu yake. Huchimbi mtaro mzima kando ya ukuta kwa siku moja. Unachimba kipande cha dhiraa mbili, unakijaza mawe na chokaa, unakiacha kishike. Kisha unaruka mbele, unachimba kipande kingine mbali na kile cha kwanza. Wala huendi chini kuliko msingi wa zamani, maana ukipita pale nyumba inabaki inaning’inia. Nilimweleza Kibwana yote haya. Akaniambia nimeanza kuzeeka.

Ijumaa nilikwenda msikitini. Niliporudi nikakuta vibarua wake wameufukua mtaro wote, toka pembe hadi pembe, na wameshuka dhiraa nzima chini ya msingi wa Boga. Mchanga ulikuwa ukichuruzika wenyewe kutoka chini ya mawe.

Nikamvuta Kibwana pembeni, hapo hapo kando ya ukuta, chini ya dirisha la Mwanasha.

“Mtoe shemejiyo chumbani sasa hivi,” nikamwambia. “Ukuta huu hauna pa kukaa. Ikinyesha leo, utashuka.”

“Ahamie wapi? Sebuleni kumejaa watu wa chama. Mjane wa eda apite mbele ya wanaume?”

“Basi watoe wanaume.”

“Haya, nitamwambia. Wewe shughulika na mawe yako.”

Dirisha lilikuwa limefunikwa kwa leso, na lilikuwa karibu na mdomo wangu kuliko Kibwana mwenyewe. Nilimsikia Mwanasha akikohoa. Ningesema maneno mawili tu: Bi Mwanasha, toka. Yeyote aliyepita chuo cha Kurani anajua kwamba penye hatari eda haimfungi mtu ndani ya chumba. Mimi nilijua. Lakini mwanamume asiye maharimu, si baba wala ndugu yake, kusemezana na mjane wa eda dirishani, na watu wanatazama? Niliogopa maneno ya watu, wallahi. Niliyaogopa kuliko ukuta. Nikajiambia Kibwana ni shemejiye, ndiye mwenye haki ya kusema naye.

Nikashuka mtaroni. Niliegemeza boriti tatu ukutani na kuanza kurudisha mawe kwa haraka, nikiwafokea vibarua kama mwendawazimu. Mvua ikaja kabla ya alasiri. Boriti ya kati ilizama kwanza, kisha ukuta ukapasuka juu ya dirisha na kuangukia ndani, chumbani, wote.

Tulimtoa Mwanasha akiwa hai. Mguu wa kulia ulikuwa umesagika, na hospitalini waliukata juu ya goti. Kibwana alilia mbele za watu. Alisema alipitiwa, wageni walimshika kwa mazungumzo, na mimi naamini alipitiwa kweli. Nilimchukia hivyo hivyo. Madaraka yalipofika, wageni wake walikaa chini ya turubai uwanjani, wakaimba, na mimi nilikaa nyumbani kwangu.

Eda ilipokwisha nilimchukua mke wangu tukaenda kumjulia hali. Alikuwa kwa dada yake, amekaa mkekani, mkongojo kando. Alikuwa amekonda. Nikasalimu, nikakaa mbali, nikayatoa yale niliyokuja nayo. Nilimwambia anisamehe, kwamba nilimpa Kibwana onyo mapema na Kibwana hakulifikisha.

“Hakuwa na haja ya kulifikisha,” akasema. “Nilikuwa nimekaa chini ya dirisha. Nilisikia kila neno.”

“Ulisikia?” nikauliza. “Basi mbona hukutoka, Bi Mwanasha?”

“Mlikuwa mkizungumza nyinyi wawili. Nilingoja mmoja wenu azungumze na mimi.”

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Kisha akamgeukia mke wangu, akamwuliza habari za watoto.