Umri wa Dunia kwa Jembe

Mwalimu wa elimu ya watu wazima pale Mollo alipohamishwa, darasa lilibaki mikononi mwa Mama Fransiska, mkulima wa ulezi aliyeishia darasa la nne kwa masista. Adolfu, mwenyekiti wa kijiji, ambaye siku zote alisimama mlangoni na hakuwahi kuketi, hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Akamwita mkaguzi kutoka mjini, Ndugu Isakwisa: mama akishindwa, darasa lifungwe. Mwingine angelala roho juu. Fransiska alilala fofofo, maana somo lake alilijua.

Siku ya ukaguzi, Isakwisa akiwa ameketi nyuma na daftari lake, alifundisha habari za wale mijusi wakubwa ambao mifupa yao ilichimbwa Tendaguru, kule Lindi. Jamii yao yote ilitoweka yapata miaka milioni sitini na tano iliyopita, alisema. Na kabla ya hapo kulikuwa na wakati ambapo Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa nchi moja, na Ziwa Rukwa tunaloliona leo halikuwepo.

"Babu yangu aliwinda tembo," Adolfu alidakia kutoka mlangoni. "Hao nao waliwindwa na wazee wetu wakaisha. Hiyo miaka milioni nani aliihesabu?"

Watu wakacheka. Fransiska alikasirika, akachukua jembe.

"Twendeni nje."

Nyuma ya darasa palikuwa na matuta yake ya mwaka jana, yale ya duara tunamofukia nyasi. Akalipasua moja katikati.

"Mwenyekiti, chini kabisa kuna nini?"

"Majivu."

"Juu yake?"

"Nyasi zilizooza. Halafu udongo."

"Ulikuwepo nikilipiga tuta hili?"

"Sikuwepo, mama. Lakini cha chini ndicho kilichotangulia. Nani asiyejua?"

"Na mawe ya dunia yamelala hivyohivyo. Mijusi wako kwenye majivu. Huko hajaonekana mtu, wala mkuki."

"Na babu yangu?"

Fransiska akajipangusa vumbi mguuni, akalinyunyiza juu ya tuta. "Huyo hapo, pamoja na sisi sote. Tumefika leo asubuhi."

Isakwisa alifunga daftari lake, akasema darasa liendelee. Adolfu akawa wa kwanza kurudi ndani. Aliketi benchi la mbele, akaomba kuazimwa penseli, akaikamata kwa ngumi kama mpini wa jembe.

Hasira zote zikamwisha Fransiska. Alimwendea, akampanga vidole kimoja kimoja, kisha akageuka ubaoni na kuandika herufi ya kwanza.